Kufagia mabomu ya baharini ni nini?

Kufagia mabomu ni kusafisha ukanda wa bahari uliotegwa, ili msafara wa meli upite. Halitafutwi bomu moja moja. Hufagiliwa njia nzima, ikatiwa maboya kandokando, kisha ikarudiwa, maana adui anaweza kuitega upya usiku uleule. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza iliwapa kazi hii wavuvi wengi na meli zao: winchi, yaani mashine ya kukunjia waya, ilikuwapo tayari, na mabaharia walizoea kukokota waya mzito baharini.

Bomu la kawaida huelea chini ya uso wa maji, limefungwa kwa waya kwenye nanga. Meli hulifuata kwa waya wa chuma wenye makali ya msumeno. Karibu na tezi, yaani nyuma ya meli, kuna kaiti, inayoushindilia waya kwenye kina kinachotakiwa. Ncha ya mbali ina ota, fremu ya mabamba ya mshazari inayouvuta waya ukae kando ya meli, na juu yake boya la kuonyesha ulipoishia. Waya wa bomu ukikerezwa hadi kukatika, bomu huibuka, nalo hupigwa risasi mpaka lizame au lilipuke.

Meli hupangwa mshazari, kila moja ikipita kwenye maji yaliyofagiliwa na iliyo mbele yake. Ya kwanza kabisa haina kinga hiyo. Maji yakipwa hatari huzidi, kwa kuwa bomu hukaribia mkuku, yaani sehemu ya chini kabisa ya meli. Heri kufagia yamejaa. Kinachoogopwa zaidi ni bomu kunasa bila kukatika: winchi ikiendelea kuvuta, linafika tezini penye watu. Likionekana, winchi husimamishwa mara moja, na ikibidi waya wote hukatwa ukaachwa.

Mwishoni mwa 1939 Wajerumani walitega mabomu ya sumaku, yanayolala chini bila waya wa kukatwa na kulipuka yakihisi chuma cha meli. Tarehe 23 Novemba, John Ouvry, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, na wenzake walitegua moja huko Shoeburyness, pwani ya Uingereza, siri yake ikajulikana. Ndipo meli mbili zikawa zinakwenda sambamba, zikiburuta nyaya zinazoelea na kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi kwa mapigo, ili bomu lilipuke nyuma yao. Meli za mbao zilifaa zaidi hapo.

Wajerumani nao wakaweka kihesabio: bomu huruhusu meli kadhaa kupita, kisha hulipuka. Ukimya wa mara ya kwanza haukuthibitisha chochote, hivyo njia ileile ilipitiwa tena na tena kabla ya msafara kuruhusiwa.