Chuo Kipi Hutoa Nani? Dhana Potofu Kuhusu Nyota wa Futiboli ya Vyuo Marekani

Kila Aprili, timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, zinapofanya drafti, yaani kuchagua vijana wa vyuoni kwa zamu, ubishi uleule huanza upya. Penn State ni chuo cha malainibeki, walinzi wanaosimama nyuma ya safu ya mbele. USC (Southern California) ni cha wakimbiaji. Iowa ni cha mataitiendi, wanaozuia na pia kupokea pasi. Mabeki wa nyuma je? Hapo LSU (Louisiana State), Ohio State, Texas na Florida kila mmoja anadai ni wake, na hakuna anayekubali kushuka. Mimi mwenyewe ni mbishi wa mambo haya, kwa hiyo simlaumu mtu kwa kubishana. Ninacholalamikia ni kwamba watu huchanganya mambo matatu: kung'ara ukiwa chuoni, kuchaguliwa mapema kwenye drafti, na kufanya kazi vizuri ukishafika NFL. Kijana anaweza kupata moja akakosa mengine mawili.

Mfano mzuri kuliko yote naujua kutoka kwa Tim Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Quebec na kukimbiza mpira kwa ajili ya Michigan. Novemba 1995 Ohio State walikwenda Michigan wakiwa hawajafungwa msimu mzima. Mkimbiaji wao alikuwa Eddie George, ambaye wiki chache baadaye alipewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Siku hiyo Biakabutuka alikimbia yadi 313 na Michigan ikashinda 31–23. Drafti ya 1996 ikamweka mbele pia: alichaguliwa wa 8, George wa 14. Basi ukiishia hapo, Michigan imeshinda ubishi. Lakini NFL majeraha yalimwandama Biakabutuka tangu mwanzo, na George akamaliza na zaidi ya yadi 10,000. Chuo kipi kilitoa mkimbiaji bora mwaka ule? Inategemea unaulizwa siku gani.

Dhana: Chuo chenye ubingwa mwingi ndicho chenye makwotabeki bora

Kwotabeki ndiye anayeanzisha mashambulizi na kurusha pasi, na mara nyingi ndiye anayelipwa kuliko wote kikosini. Wapenzi wa Alabama wana hoja nzito ya kuanzia: Bart Starr alishinda Super Bowl, fainali kuu ya futiboli ya kulipwa, ya I na ya II, Joe Namath akashinda ya III, Ken Stabler ya XI. Wote watatu wametoka Alabama.

Tatizo ni kilichofuata. Baada ya Stabler kushinda Januari 1977, Alabama iliendelea kubeba ubingwa wa vyuo, mara sita chini ya kocha Nick Saban peke yake, na bado hakuna kwotabeki aliyepita pale aliyeanza na kushinda Super Bowl mpaka Februari 2025, Jalen Hurts alipoipa Philadelphia ushindi. Na Hurts huyo huyo, katika fainali ya vyuo ya Januari 2018, alitolewa wakati wa mapumziko, akaingia Tua Tagovailoa, Alabama ikaifunga Georgia 26–23 katika muda wa nyongeza. Msimu uliofuata alikuwa mtu wa benchi. Kisha akahamia Oklahoma na kucheza 2019 huko. Leo mashabiki wa vyuo vyote viwili humwita "wetu", na waliomzomea wamesahau kabisa.

Kwa upande mwingine iko Purdue ya Indiana, chuo ambacho si kawaida kukitaja kwenye mbio za ubingwa. Kimetoa Len Dawson, Bob Griese na Drew Brees, na kila mmoja wao ana ushindi wa Super Bowl. Patrick Mahomes alitoka Texas Tech, Josh Allen akatoka Wyoming. Chuo kikubwa huwa na safu nzito ya mbele, wapokeaji wepesi na ulinzi mkali, kwa hiyo kwotabeki wa kawaida anaweza kushinda mechi bila kutoa jasho. Chuo kidogo hakimfichi mtu.

Dhana: Hesabu ya waliochaguliwa kwenye drafti inamaliza ubishi

Notre Dame, USC na Ohio State kila kimoja kimepeleka mamia ya wachezaji, na mashabiki wao hupenda kuanza na idadi hiyo. Hesabu yenyewe ni sahihi. Shida ni kwamba drafti ya zamani si ya leo. Katika miaka ya 1940 ilifika raundi 30 na zaidi. Tangu 1994 ni raundi saba tu. Bart Starr alichaguliwa wa 200 mwaka 1956, na hiyo ilikuwa raundi ya 17. Tom Brady wa Michigan alichaguliwa wa 199 mwaka 2000, raundi ya sita. Namba zinapishana kwa moja, dunia mbili tofauti. Isitoshe, mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia ya drafti, mwaka 1936, alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Hakucheza NFL hata mechi moja, na miaka mitatu baadaye chuo chenyewe kikafuta futiboli.

Dhana: Vyuo vikubwa vya Kusini vimekuwa vikitoa wachezaji bora tangu zamani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo orodha nyingi za "bora wa nyakati zote" zinapopotoka bila aliyeiandika kujua.

Ligi ya vyuo vya Kusini, SEC, yenye Alabama, LSU, Mississippi na wenzao, haikuwa na mchezaji Mweusi uwanjani hadi Nate Northington alipoichezea Kentucky mwaka 1967. Kijana Mweusi wa Mississippi, hata awe na kasi ya namna gani, alikwenda Kaskazini au alikwenda kwenye vyuo vya kihistoria vya Weusi. Kwa hiyo vyuo hivyo vilikuwa na vipaji ambavyo majirani zao wakubwa walivikataa mlangoni. Grambling, chini ya kocha Eddie Robinson, ilimtoa Buck Buchanan, chaguo la kwanza la drafti ya AFL, ligi iliyoshindana na NFL wakati huo, mwaka 1963. Southern ilimtoa Mel Blount, beki aliyewasumbua wapokeaji mpaka ligi ikabadilisha kanuni za kugusana nao.

Pittsburgh Steelers, timu ya NFL, waliligundua hilo mapema kuliko wengi, na sababu ina jina: Bill Nunn. Alikuwa mwandishi wa gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier, na kila mwaka aliandaa orodha ya wachezaji bora wa vyuo vya Weusi. Steelers wakamwajiri kuwasakia vipaji. Inasimuliwa kwamba wasakaji wa timu kadhaa walikwenda Alabama A&M kumpima John Stallworth, uwanja ukiwa na maji, muda wake ukawa mbaya, wakaondoka. Nunn akasingizia ugonjwa, akabaki, akampima tena kwenye uwanja mkavu. Mwaka 1974 Steelers walimchukua Stallworth raundi ya nne. Drafti hiyo moja iliwapa pia Lynn Swann wa USC, Jack Lambert wa Kent State na Mike Webster wa Wisconsin. Wote wanne wako kwenye Jumba la Heshima la futiboli. Donnie Shell wa South Carolina State, chuo kingine cha Weusi, hakuchaguliwa na timu yoyote, Steelers wakamsajili hivihivi, naye yuko humo pia. Nunn mwenyewe aliingizwa mwaka 2021.

Kuna hadithi inayopendwa kwamba mambo yaligeuka usiku mmoja wa Septemba 1970, USC ilipokwenda Birmingham na kuipiga Alabama 42–21, Sam Cunningham akikimbia yadi 135. Eti kocha wa Alabama, Bear Bryant, aliona, akaamua kuchukua Weusi. Kipigo kilikuwa cha kweli na kiliwasaidia wengi kumeza mabadiliko, ila Wilbur Jackson, Mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa futiboli Alabama, alikuwa ameshasajiliwa kabla ya mechi hiyo. Hakuwa uwanjani kwa sababu wakati ule wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kubwa.

Na hata milango ilipofunguliwa, macho hayakufunguka mara moja. Walter Payton, kijana wa Columbia, Mississippi, alitoka Jackson State mwaka 1975. Jerry Rice, aliyezaliwa mwaka 1962, alikulia kijijini katika jimbo hilohilo, mtoto wa mwashi. Ndugu zake walimrushia matofali akiwa juu kwenye jukwaa la kujengea, naye akayadaka kwa mikono. Akaenda Mississippi Valley State, kwenye kimji cha Itta Bena. Kwenye drafti ya 1985 wapokeaji wawili wa vyuo vikubwa, Al Toon wa Wisconsin na Eddie Brown wa Miami, walichaguliwa kabla yake. Rice alimaliza na yadi 22,895 za kupokea. Anayemfuata, Larry Fitzgerald wa Pittsburgh, yuko nyuma yake kwa zaidi ya yadi 5,000. Ukimuuliza mtu chuo bora cha wapokeaji atakutajia Ohio State au LSU, nami nitakubali kama tunazungumzia wingi wa miaka ya karibuni. Kama tunamtafuta aliye bora kuliko wote, jibu liko Itta Bena.

Dhana: Penn State ndiyo iliyotoa malainibeki wote wakubwa

Imetoa wengi, hilo halina ubishi: Jack Ham, Shane Conlan, LaVar Arrington, NaVorro Bowman, Micah Parsons. Ila panga kikosi chako cha wakati wote, uone unawaweka kina nani. Lawrence Taylor alitoka North Carolina. Dick Butkus, Illinois. Ray Lewis, Miami. Mike Singletary, Baylor. Kwenye ukuta wa Steelers niliowataja, Ham wa Penn State alicheza bega kwa bega na Lambert wa Kent State, na wapinzani waliotishwa na sura tu walikuwa wakimtazama yule wa Kent State, mwenye pengo la meno ya mbele.

Penn State ina haki ya jina lake kwa sababu ya mfululizo, kizazi baada ya kizazi. Haina haki ya kilele.

Dhana: Majina haya yote ni mbwembwe za mashabiki

Hapana. Iowa na mataitiendi ni jambo la kweli, na sababu yake inaonekana kwa macho. Taitiendi ni mchezaji wa kazi mbili: anazuia kama mtu wa safu ya mbele, kisha anakimbia kupokea pasi. Kirk Ferentz, kocha mkuu tangu msimu wa 1999, anacheza futiboli ya kizamani ya kukimbiza mpira huku akisimamisha mataitiendi wawili kwa pamoja. Anayeikubali kazi hiyo ya kuzuia hutoka akiwa amekamilika. Dallas Clark aliingia pale kama lainibeki asiye na ufadhili. George Kittle alichaguliwa raundi ya tano tu. Mwaka 2019 T.J. Hockenson na Noah Fant walichaguliwa wote raundi ya kwanza, mataitiendi wawili wa chuo kimoja katika drafti moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha Sam LaPorta, 2023. Miami walikuwa na zama zao, na Notre Dame wana orodha ndefu, lakini kwa uzalishaji usiokatika ninaichagua Iowa.

Hata hivyo waliofika juu kabisa hawakutoka huko. Tony Gonzalez alitoka California, Rob Gronkowski alitoka Arizona, Travis Kelce alianzia kwenye ukwotabeki Cincinnati. Antonio Gates hakucheza futiboli ya chuo kabisa. Alikuwa mchezaji wa kikapu, na chuo chake ni Kent State tena. Ukiongeza Julian Edelman, kwotabeki wa Kent State aliyegeuzwa mpokeaji akawa mchezaji bora wa Super Bowl LIII, unaanza kujiuliza kwa nini hakuna anayekitaja chuo hiki.

Dhana: Mchezaji ni wa chuo kimoja

Ilikuwa hivyo zaidi zamani, lakini tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu. Hata kabla ya hapo Joe Burrow alikuwa Ohio State, akakosa namba, akaenda LSU, akabeba Heisman na ubingwa msimu wa 2019. Cam Ward, chaguo la kwanza la 2025, alipita Incarnate Word na Washington State kabla ya Miami. Kwangu mimi sifa igawanywe: aliyemwona kwanza apate sehemu yake, aliyemkamilisha apate yake. Mashabiki hawataki kusikia hilo.

Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, hana utata wa namna hiyo. Alikuwa Boston College mpaka mwisho, New York Giants wakamchukua wa 32 mwaka 2006, akapata pete mbili za Super Bowl. Na kwa wapiga teke la kurudisha mpira kwa wapinzani, ubishi ni mfupi: Southern Miss, kwa ajili ya Ray Guy, aliyechaguliwa raundi ya kwanza mwaka 1973 na kuingia Jumba la Heshima mwaka 2014, wa kwanza wa kazi hiyo peke yake.