Dhima ya kimaadili kwa mazingira: maana yake, na nani anadaiwa zaidi

Dhima ya kimaadili kwa mazingira ni wajibu wa binadamu kutoharibu ardhi, bahari, hewa na viumbe vilivyomo, na kutengeneza alichokwisha kuharibu, hata kama hakuna askari wa kumkamata wala faida ya kumvuta. Hapo ndipo inapoachana na sheria. Anayeacha kumwaga oili chafu mtaroni kwa kuogopa faini ametii sheria tu. Anayeacha kwa kuwa anajua mtaro ule unaishia baharini, huyo ndiye tunayemzungumzia.

Chukua mfano wa juya, ambalo Kenya imelipiga marufuku tangu 2001 na bado linavutwa. Ni wavu mrefu wa matundu madogo, unaozungushwa kwenye maji mafupi kisha ukaburutwa na kundi la watu hadi ufuoni. Likifunguliwa mchangani utakuta tasi wa urefu wa kidole, changu ambao hawajataga hata mara moja, na majani ya bahari yaliyong'olewa na mizizi yake, yale yale ambamo samaki wachanga hujificha. Hakuna aliyeibiwa chochote asubuhi hiyo. Kosa liko wapi basi?

Wapo wasemao kosa ni kuwanyima riziki wavuvi wa kesho, wakiwemo ambao hawajazaliwa. Wengine husema viumbe wa bahari wana haki yao ya kutoangamizwa ovyo, awepo wa kuwala au asiwepo. Mabishano hayo hayajesha. Kwangu mimi hoja ya kwanza inatosha kwa mambo mengi, ila haimfikii kasa anayenaswa humo humo, ambaye haruhusiwi kuuzwa wala kuliwa.

Wamijikenda wa pwani ya Kenya hawakungoja wanafalsafa. Katika kaya, yaani misitu yao mitakatifu, kama za Rabai na Ribe, wazee walikataza kukata miti kwa sababu pale pana makaburi ya wahenga na fingo (kago la kulinda mji) iliyozikwa, si kwa sababu ya bei ya mbao. UNESCO iliziweka kaya hizo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini mwiko ulikuwepo zamani. Kwa Waislamu nako, binadamu ni khalifa aliyekabidhiwa dunia kama amana, na amana haifujwi.

Katiba ya Kenya ya 2010 imeisogelea dhana hii kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 69 kinamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana kuyalinda. Cha 70 ndicho kinachonivutia zaidi: anayekwenda mahakamani kuyatetea mazingira halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyeumia au kupata hasara.

Katika mtaa wa Owino Uhuru, kule Jomvu, Mombasa, watu waliumia kweli. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia wakazi sumu ya madini ya risasi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikagawa lawama kati ya waliohusika na kiwanda na taasisi za serikali. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Muda wote huo dhima ya kimaadili haikuwa na rufaa; ilianza siku moshi ulipotoka.

Tena dhima hii ni ya wote lakini si sawa kwa wote. Huzidi kadiri mtu anavyojua, anavyofaidi na anavyoweza kuzuia. Ndiyo maana sipendi kampeni zinazomkaripia muuza viazi karai kwa mfuko wake wa plastiki huku zikipita kimya mbele ya geti la kiwanda. Hata ufuoni ni hivyo hivyo: wanaovuta juya mara nyingi si wenye nalo. Mwenye juya huchukua fungu lake bila kulowa, na kijana anayevuta anapata cha kupeleka nyumbani siku hiyo. Mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza, naye hununua vidagaa hivyo kwa sababu ndivyo wateja wake wanavyovimudu. Kumwambia kijana aache bila kumwonyesha pa kupata malema, yaani mitego ya samaki, yale yenye upenyo wa kuwatoa samaki wadogo, ni kumhamishia yeye deni la mwenye juya.