Mwalimu wa kisomo cha watu wazima apate wapi matini za kusomesha?

Matini za bure ziko tele mtandaoni, ila nyingi mno zimeandikiwa watoto. Mtu mzima ana familia, madeni na maamuzi ya kila siku. Ukimpa kitabu cha sungura aliyepoteza mpira atakisoma, lakini moyoni atajiona amerudishwa utotoni, na kipindi kijacho huenda usimwone. Kwa hiyo nikikutana na tovuti yoyote ya vitabu, swali langu la kwanza ni hili: ninaruhusiwa kuibadilisha matini hii?

Jibu liko kwenye leseni, kwa kawaida mwanzoni au mwishoni mwa kitabu. Vingi vya vitabu hivi hutumia leseni za Creative Commons. Herufi BY zinakutaka utaje mwandishi, mchoraji, chanzo na leseni yenyewe. NC inakataza matumizi ya kibiashara. SA inakutaka usambaze toleo lako kwa leseni ileile. Ya kuangalia zaidi ni ND: ukiibadilisha au kuitafsiri matini hiyo, huruhusiwi kusambaza toleo lako. Walimu wengi huona neno "bure" wakaishia hapo, kisha wanagawa kitini ambacho hawakuwa na haki ya kukigawa.

African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India zote zina hadithi za Kiswahili, na zote mbili zinakuruhusu kutafsiri na kurekebisha papo hapo kwenye tovuti. African Storybook ina ngazi 5, kuanzia maneno ya mwanzo hadi hadithi za kusomewa kwa sauti. StoryWeaver ina 4. Ngazi hizo zisikulevye. Hadithi nyingi zimetafsiriwa kutoka lugha nyingine, na idadi ya maneno haipimi ugumu wa Kiswahili. "Hatutawasomesha" ni neno moja tu kwa kuhesabu, lakini lina silabi 7, viambishi vinne mbele ya mzizi na vingine nyuma yake. Msomaji mpya akifika "sha" ya mwisho wa neno refu kama hilo, mwanzo wake umeshamtoka. Hesabu silabi: katika hatua za mwanzo mimi hukata kila neno linalozidi silabi 4, au hulivunja kwa kuiandika sentensi upya.

Chombo ninachokipendekeza kuliko vyote ni Bloom, programu ya bure ya shirika la lugha la SIL ya kutengeneza vitabu kwenye kompyuta ya Windows. Ndani yake kuna kiolezo cha kitabu kinachofuata herufi zilizokwisha kufundishwa. Unaorodhesha herufi za lugha yako, unazipanga kwa hatua, unaingiza orodha ya maneno, kisha unaandika. Neno lenye herufi ambayo wanakisomo hawajaifikia hutiwa alama hapohapo.

Uzuri wake kwa Kiswahili ni huu. Chukua irabu 5 na konsonanti b, k, l, m, t. Kwa herufi hizo 10 tu unapata kilimo, mkulima, bei, kibali, matibabu, mkataba, tiketi, umeme. Hayo ni maneno ya watu wazima, tena ya kazi. Unaweza hata kuandika "Mkulima alileta kibali" katika wiki za mwanzo kabisa. Hakuna haja ya sungura.

Mahali pa kuharibikia ni herufi unganishi. Ch, sh, th, dh, gh, ny na ng' ziingize kila moja kama herufi kamili, la sivyo programu itadhani aliyejifunza s na h anaweza kusoma "shule". Ng' ina mtego wa ziada: programu za kuandikia hugeuza alama yake ikapinda, na kwa kompyuta alama iliyopinda na iliyonyooka ni vitu viwili tofauti. Chagua moja, uitumie kitabu kizima.

Kwa maandishi, pakua fonti iitwayo Andika, nayo ni bure kutoka SIL. Imeundwa kwa wanaoanza kusoma: a na g zake zinafanana na tunavyoziandika kwa mkono. Tumia ukubwa wa 16 au zaidi, kwa sababu wanakisomo wengi wana macho yaliyochoka na hawana miwani.

Ukichapa kijitabu cha kukunja, idadi ya kurasa igawanyike kwa 4. Kurasa 12 za A5 hutoka kwenye karatasi 3 za A4. Kwenye printa inayochapa pande mbili, chagua kugeuza kwa ukingo mfupi; ukichagua mrefu, nusu ya kurasa zitasimama kichwa chini. Chapa nakala moja, ikunje na uisome, ndipo utoe nyingine.

Pasipo intaneti, tumia Kolibri, programu ya kusambaza masomo bila mtandao. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, unapakua masomo ukiwa penye mtandao (angalia ukubwa kwanza, video ndizo zinazojaza diski), kisha unawasha ruta yoyote ya Wi-Fi. Wanakisomo wanaunganisha simu na Wi-Fi hiyo, kisha wanaandika kwenye kivinjari anwani ya IP ya kompyuta hiyo (namba yake kwenye mtandao wa ruta) ikifuatiwa na :8080. Ikigoma, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi mbili: kivinjari kimeweka https badala ya http, au ruta imezimwa na kuwashwa ikaipa kompyuta anwani mpya. La pili huisha ukiifungia kompyuta anwani ya kudumu kwenye mipangilio ya ruta.

Kiwix hufanya kazi kama hiyo kwa Wikipedia, ikiwamo ya Kiswahili. Nafasi ikiwa ndogo, tafuta faili yenye "nopic" katika jina lake. Hiyo haina picha.

Kwa mbinu za kufundishia, hazina ya Taasisi ya UNESCO ya Kujifunza Maishani, iliyoko Hamburg, inaeleza programu za kisomo za nchi nyingi. Anza na sehemu ya changamoto katika kila maelezo. Ila miongozo ya kufundisha kusoma Kiingereza itumie kwa uangalifu: sehemu kubwa yake hushughulikia tahajia isiyofuata matamshi, tatizo ambalo msomaji wa Kiswahili hana. Muda huo mpe azoee maneno marefu.