Kujiamulia si jina jingine la uhuru

Nimelisikia tena, safari hii kwenye mjadala wa redio: "Watu wa Tokelau walipewa haki ya kujiamulia, wakaikataa." Mzungumzaji alimaanisha kwamba watu wa visiwa hivyo vidogo vya Pasifiki, vilivyo chini ya New Zealand, walipiga kura na hawakuachana nayo. Ni kweli hawakuachana. Lakini binti akikataa posa hajakataa haki ya kuchagua mchumba. Ndiyo kwanza kaitumia.

Maana yenyewe haina mzunguko. Haki ya kujiamulia ni haki ya watu wa nchi fulani kupanga wenyewe, bila kushurutishwa, watakuwa na hadhi gani ya kisiasa. Kanuni hiyo imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, na tarehe 14 Desemba 1960 Baraza Kuu liliitia nguvu kwa Azimio 1514, lililopita kwa kura 89, hakuna aliyepinga, nchi 9 zikajizuia.

Tabu imo kwenye maneno. "Uhuru" umetokana na "huru", neno lililotujia kutoka Kiarabu, na kinyume chake ni utumwa. Kabla ya kuwa na bendera lilikuwa jambo la mtu mmoja mmoja: mtumwa aliyeachwa huru. Uhuru basi ni hali, ama unao ama huna. "Kujitawala" nako ni kwingine. Kenya ilipata Madaraka tarehe 1 Juni 1963 na uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Kwa miezi sita na siku kadhaa ilikuwa inajitawala kwa mambo ya ndani na bado haijawa huru. Ndiyo maana sikukuu ni mbili.

Sasa njoo kwenye "kujiamulia". Mzizi wake ni "amua", kitenzi cha anayeingia katikati ya wagomvi; mwamuzi wa mpira ametoka humohumo. Kitie katika kauli ya kutendea upate "amulia", kisha umrudishie mtendaji kwa "ji". Kinyume chake si utumwa. Kinyume chake ni kuamuliwa, kama Afrika ilivyoamuliwa mjini Berlin mwaka 1884 na 1885, mwenyewe hayupo mezani. Na uangalie jambo moja: kitenzi hiki kinasema nani anaamua. Uamuzi utakuwa upi, hakisemi kabisa.

Siku moja baada ya Azimio 1514, Baraza Kuu lilipitisha Azimio 1541, ambalo wengi wetu hatulikumbuki. Hilo linataja milango mitatu ya kutokea kwa eneo lisilojitawala. Linaweza kuwa nchi huru. Linaweza kuingia katika ushirika huru na nchi nyingine, yaani linajitawala lenyewe huku likiiachia nchi hiyo mambo kama ulinzi, kama Visiwa vya Cook vilivyofanya na New Zealand mwaka 1965. Au linaweza kujiunga na nchi iliyopo, watu wake wakiwa na haki sawa na wenzao. Yote mitatu ni kujiamulia, mradi mlango umechaguliwa na wenye nyumba.

Siwalaumu sana wanaochanganya. Azimio 1514 lenyewe lina neno uhuru kwenye jina lake, na mwaka ule wa 1960 nchi 17 za Afrika zilipita mlango wa kwanza. Ukiona watu wote wanatoka kwa mlango mmoja utadhani nyumba haina mwingine.

Ila kuchanganya huko kuna hasara zake, na mfano ninaourudia kila mara ni Kameruni ya Kusini, eneo lililokuwa chini ya udhamini wa Uingereza, yaani Uingereza ililisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 Februari 1961 wapigakura waliulizwa kama wanataka kupata uhuru kwa kujiunga na Nigeria, au kupata uhuru kwa kujiunga na Jamhuri ya Kameruni. Neno uhuru lilikuwamo pande zote mbili. Kusimama peke yao hakukuwamo upande wowote. Wakajiunga na Kameruni, na manung'uniko juu ya swali lile hayajaisha hadi leo.

Tokelau ni kinyume chake. Ni visiwa vitatu vya matumbawe, Atafu, Nukunonu na Fakaofo, vyenye watu wapatao 1,500, havina uwanja wa ndege, na kuvifikia ni safari ya meli ya zaidi ya siku nzima kutoka Samoa. Mwaka 2006 waliulizwa kama wanataka kujitawala kwa ushirika huru na New Zealand. Waliosema ndiyo walikuwa kama asilimia 60. Wakaulizwa tena Oktoba 2007: ndiyo 446, hapana 242. Zilipungua kura 16 kufikia theluthi mbili iliyotakiwa, mambo yakabaki yalivyokuwa. Uhuru kamili haukuwamo kwenye karatasi hata mara moja, kwa hiyo hakuna aliyeukataa.

Na ile theluthi mbili iliyowakwamisha haikutoka New York wala Wellington. Baraza lao wenyewe, Fono Kuu, ndilo lililoiweka. Kwa hiyo ndugu yangu wa redioni, ukirudi hewani sema tu kwamba watu wa Tokelau walijiamulia mara mbili, na mara zote mbili wakabaki walipokuwa.