Miche Elfu Kumi kwa Siku Moja, na Dhana Nyingine Kuhusu Kazi ya Vijana wa Pwani

Kuanzia Vanga hadi Kiunga, pwani ya Kenya ina vikundi vingi vya vijana wanaoshika kazi tatu kwa pamoja. Asubuhi wamo kwenye tope la mikoko, mchana wako shuleni wakizungumza na wasichana kuhusu hedhi, jioni wamekaa na wazee wakiandika yale ambayo hayajawahi kuandikwa. Wengi wetu huwaona siku moja tu kwa mwaka, siku ya fulana, mgeni rasmi na picha. Karibu dhana zote ninazozijibu hapa zimezaliwa siku hiyo, kwa sababu uzito wa kazi uko katika miezi inayofuata, wakati hakuna mpiga picha.

“Tumepanda miche elfu kumi, pwani imepona”

Kati ya miti ya mikoko, ule uitwao mkoko hasa una mbegu ndefu inayochipua ingali juu ya mti. Ukiiokota, unaichomeka kwenye tope na umepanda. Kwa wepesi huo, siku za kupanda hutumia mkoko karibu peke yake, tena popote palipo wazi. Lakini tope lililo wazi mara nyingi lina sababu ya kuwa wazi. Ukingo unaopigwa na mawimbi ni makao ya mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkandaa hukaa ndani zaidi, mahali ambapo pengine maji hufika wakati wa bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Mchu huvumilia chumvi kali ambayo mkoko hauiwezi. Kenya ina aina 9 za miti hii, na kila moja ina kimo chake cha maji. Ukichomeka mkoko mbele ya bahari kwa sababu ndipo wageni wanapofika bila kuvua viatu, mawimbi yataung’oa, au mwani utaunasa na kuulaza.

Kuna mahali ambapo hata mche sahihi hautasimama. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, miti mingi ilikauka katika hori la Mwache, Mombasa. Hakuna aliyeikata. Udongo ulioletwa na mafuriko ulifukia mizizi inayopumulia. Mahali kama hapo tatizo ni maji na udongo, na pengine chanzo chake ni shamba la mteremkoni, kilomita nyingi kutoka baharini. Kikundi kinachotumia wiki nzima kufungua njia ya maji iliyoziba hakina picha ya kuvutia, lakini njia ikifunguka mbegu huja zenyewe na maji yanapojaa. Ningependa siku moja nisikie mgeni rasmi akisifu mtaro.

Mradi unaojulikana zaidi pwani haukujengwa juu ya kupanda. Mikoko Pamoja, katika ghuba ya Gazi, Kwale, ulianza mwaka 2013 na unauza hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko kwa wanaotaka kufidia moshi wao. Sehemu kubwa ya hekta zake 117 ni msitu wa asili uliokuwapo tangu zamani. Wanachouza wanakijiji wa Gazi na Makongeni ni ulinzi wa miti iliyosimama, maana kaboni nyingi ya mikoko imelala kwenye tope lililokusanyika kwa karne nyingi, na mti ukiondoka tope hilo huanza kuiachilia. Fedha zimeleta maji na vitabu vya shule. Ili watu wasikose kuni na nguzo, wakapanda mivinje nchi kavu.

“Mkata mikoko na mvuvi maskini ndio adui”

Dhana hii inaniuma kwa sababu vijana wenyewe hufundishwa kuikariri. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, umeezekwa kwa mikoko. Vyumba vya nyumba zake za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti. Wakataji wana majina ya kila kipimo: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Mlilana ulitoa mataruma, yaani mbavu, ya vyombo vya baharini. Anayejua haya yote anajua pia mti upi uko tayari na upi uachwe ukue. Kumwita adui ni kupoteza mwalimu.

Mikoko imepotea pia kwa mabwawa ya chumvi huko Gongoni na Ngomeni, kwa mafuta yaliyomwagika Mombasa, na kwa ujenzi mkubwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Wavuvi hao hawakuwa wameharibu chochote. Na huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi ndio walioamua kufunga sehemu ya bahari yao, takriban hekta 30, mwaka 2005, baada ya kuona samaki wanaisha. Aliyeona upungufu wa kwanza ni yule anayekwenda majini kila siku.

Sisemi kwamba hakuna anayekata ovyo. Wapo, na nyavu za macho madogo zipo pia. Nasema kijana akiingia kijijini na neno la lawama, mlango unafungwa, na hautafunguka wiki ya pili atakaporudi kuzungumza na wasichana wa nyumba hiyo hiyo.

“Tukishagawa sodo, afya ya wasichana tumeimaliza”

Tangu mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi inaitaka serikali impe sodo za bure, bora na za kutosha kila msichana aliyebaleghe na kuandikishwa katika shule ya umma. Ni sheria nzuri na kikundi chochote kinapaswa kuijua, ili kiweze kumuuliza mwalimu mkuu sodo zimefika lini na zimekwenda wapi. Lakini katoni moja inayokabidhiwa mbele ya kamera hutosha mwezi mmoja au miwili. Hedhi huja kila mwezi.

Sodo pia haina maana bila maji, sabuni, choo chenye mlango unaofungwa, na mahali pa kuitupa. Vijiji vingi vya ufukweni vina visima vya maji ya chumvi. Sodo nyingi za kutupwa zina plastiki ndani yake, na mahali pasipo na mkusanya taka huishia shimoni, motoni, au kwenye mikoko ile ile iliyosafishwa Jumamosi. Hapa ndipo uhifadhi na afya ya msichana vinapokutana, na hukutana kwenye jambo la kawaida kabisa. Sodo ya kitambaa hufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Msichana anayeona haya huificha mvunguni ikiwa mbichi, naye huivaa hivyo hivyo. Kumpa kitambaa bila kuzungumza na mama yake, nyanya yake na kaka zake kuhusu kamba ya kuanikia ni kumpa nusu ya msaada.

Kuna yale ambayo wasichana huambiwa: kwamba akigusa mche akiwa hedhini utakauka, kwamba asiingie baharini, kwamba maji ya baridi yatamletea ugumba. Hakuna hata moja lenye ukweli. Mche hufa kwa chumvi, jua au kupandwa mahali pasipo pake, na hauna njia ya kujua hali ya aliyeushika. Kuogelea hakumdhuru. Kinachodhuru ni kumwondoa kwenye kazi siku hizo, maana kikundi kinachofanya hivyo kinamfundisha kwamba kila mwezi ana siku ambazo hafai.

Kubwa kuliko yote kwangu ni kauli ya kwamba maumivu ni ya kila mwanamke, avumilie. Maumivu kiasi ni ya kawaida, na hupungua kwa dawa ya kawaida ya maumivu au chupa ya maji ya moto. Lakini msichana anayekosa shule kila mwezi kwa maumivu, anayetokwa na damu kupita siku 7, au anayelazimika kubadilisha sodo kila saa moja au mbili, apelekwe kituo cha afya. Damu nyingi ya muda mrefu humpunguzia madini ya chuma, naye huitwa mvivu darasani kumbe ana upungufu wa damu. Kijana wa kujitolea si daktari na hapaswi kujifanya daktari. Kazi yake ni kuzijua dalili hizi na kumsindikiza.

“Chanjo ya HPV ni njama ya kuwafanya wasichana tasa”

Chanjo hii ilizinduliwa kitaifa Mombasa, Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10. Virusi vya HPV ndivyo vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na chanjo huzuia aina hatari zaidi kabla msichana hajakutana nazo. Ndiyo sababu hutolewa mapema, wala si ruhusa ya kuanza mapenzi. Imetumika katika nchi nyingi kwa miaka mingi na haijaonekana kuleta utasa. Saratani yenyewe, pamoja na tiba yake, ndiyo inayoweza kumnyima mwanamke kizazi. Mzazi anayeuliza maswali asitukanwe. Ajibiwe, na kama kuna muuguzi kijijini anayeheshimika, ajibiwe naye.

“Mila ni ngoma ya kuwapokea wageni”

Au sura yake ya pili: mila ndiyo iliyowaumiza wasichana, itupwe yote. Zote mbili zinatoka kwa watu ambao hawajakaa na wazee. Katika jamii za Waswahili, msichana alipovunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke mzima asiye mama yake, aliyemfundisha usafi, namna ya kuvaa sodo na mambo ambayo mama na binti huoneana haya. Mengine aliyofundishwa yalimlenga mume zaidi kuliko yeye mwenyewe, na hayo tuyaache. Lakini wazo la kuwa na mtu mzima mmoja anayeaminika, wa kudumu, asiyetoka mjini kwa saa mbili, ndilo hasa linalokosekana katika mafunzo mengi ya leo. Na yale yanayojeruhi, sheria imeshayataja: ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na tangu 2014 hakuna ndoa chini ya miaka 18. Hakuna mzee anayeweza kuyatetea kwa jina la mila.

Kwa Mijikenda kuna dhana mbaya zaidi, kwamba kaya ni pango la uchawi na wazee wake ni wachawi. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalogombewa. Makaya yalikuwa vijiji vyenye maboma ndani ya msitu. Yalipohamwa, wazee wakabaki na miiko: usikate mti, usipite nje ya njia. Kwa miiko hiyo vipande vya msitu wa asili vimebaki pale ambapo kila kitu pembeni kimekuwa shamba au nyumba. Mwaka 2008 misitu 11 ya kaya iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwakataa Waingereza mwaka 1913, aliwakusanya watu Kaya Fungo, na mwaka 1914 wakoloni wakailipua kwa baruti. Hawakuwa wakipoteza baruti kwa pango la wachawi.

Vijana wana deni hapa. Vigango, nguzo za kumbukumbu za wafu wa Kigiriama, ziliibwa na kuuzwa ng’ambo, na mara nyingi mkono wa kwanza ulikuwa wa kijana wa karibu aliyehitaji pesa. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, liliachilia vigango 30 ili virudi Kenya. Kijana anayejua kigango kilisimamishwa kwa ajili ya nani hatakubali kiondolewe usiku.

“Ni jamii yao, wajitolee tu”

Wafadhili wengi hulipia miche, fulana na hema. Hawalipii kuhesabu miche mwezi wa sita, nauli ya kumsindikiza msichana hospitali, wala betri ya kinasa sauti. Kijana hujitolea mwaka mmoja, kisha huenda kuendesha bodaboda, na dada yake huenda nchi za Ghuba, Uarabuni, kufanya kazi za nyumbani. Akiondoka, huondoka na imani ya wazee na ya wasichana waliomzoea yeye, na anayemfuata huanza upya kabisa.

Ukikitembelea kikundi, usiulize wamepanda mingapi. Omba kuona daftari la miche iliyo hai. Uliza nani huwafungulia wasichana choo shule ikifungwa, na kama wazee waliorekodiwa wamerudishiwa sauti zao wazisikilize. Kisha uliza anayefanya hayo analipwa nini, na nani ameahidi kumlipa mwaka ujao.