Nyumba Yangu, Kiwanja Chetu: Amana ya Ardhi ya Jamii Inavyofanya Kazi

Mwenye nyumba wa Majengo, Mombasa, hahitaji kuelezwa kwamba nyumba na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Yeye ndiye aliyejenga, amepangisha vyumba, watoto wamezaliwa humo, lakini kodi ya kiwanja anampelekea mtu mwingine. Pwani tunaiita nyumba bila ardhi. Siku mwenye kiwanja akifariki na warithi wakauza, mnunuzi huja na notisi ya kuhama.

Amana ya ardhi ya jamii inaacha mpango huo karibu ulivyo, ila inambadilisha mwenye ardhi. Kiwanja kinashikwa na chombo cha wakazi wenyewe, kilichosajiliwa, ambacho kazi yake ni kukitunza kisiingie sokoni. Aliyezoea wakfu ataelewa haraka. Kila kaya hupewa mkataba wa kukodi wa muda mrefu; nyumba hurithishwa, hata huuzwa. Kiwanja hakiendi popote.

Kenya ililijaribu hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, maskwota wa Tanzania-Bondeni mjini Voi walikuwa wakiboreshewa makazi kupitia mradi wa serikali na shirika la Ujerumani la GTZ. Walielezwa aina mbalimbali za umiliki, wakachagua hii. Hofu iliyo nyuma ya uamuzi kama huo inajulikana: mtaa ukishapata barabara, maji na hati, bei hupanda, wenye fedha hubisha hodi, na mzazi mwenye karo ya kulipa huuza kwa shida ya wiki moja kisha akaanza upya kwenye kibanda kingine. Miradi mingi inakosea papo hapo: inagawa hati, inaondoka. Lakini Voi haikuwa kazi nyepesi. Sheria haikuwa na mlango ulio tayari, ikabidi kuunganisha chama cha wakazi na amana yenyewe, na makaratasi yakachukua miaka.

“Nikiuza, napata nini?” Ni swali la haki. Burlington, Vermont, nchini Marekani, amana iliyoanzishwa 1984 humwachia muuzaji robo ya ongezeko la thamani. Tuseme, kwa mfano, nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi 1,000,000 sasa inathaminiwa 1,800,000. Muuzaji anaondoka na 1,200,000, na familia inayoingia inalipa karibu hiyohiyo badala ya 1,800,000. Anayetaka faida yote ataona amepunjwa, na ni bora aambiwe kabla hajajiunga.

Wakazi mnaofikiria njia hii, msitie saini kabla wakili hajawasomea, kwa lugha mnayoielewa, vifungu vya urithi wa mjane na watoto, bei ya kuuzia, na namna ya kuwaondoa wadhamini wasiofaa, yaani wanaoisimamia amana. Nendeni benki mapema pia, mkiwa na rasimu ya mkataba mkononi, mkaulize kama wataukubali kuwa dhamana ya mkopo wa kujengea.