Kuongeza kaboni si kuongeza nguvu

"Fundi, tia kaboni zaidi, haitavunjika tena." Nahodha wa Mtongwe alikuwa ameniletea breketi ya antena ya boti yake, iliyochapwa kwa printa ya 3D kwa nailoni yenye nyuzi za kaboni, vipande viwili. Nikampa lenzi. "Ami, hebu tazama hapa palipoachia." Nyuzi zilichomoza kama ndevu za siku tatu, safi, bila hata chembe ya nailoni juu yake. Hazikukatika. Zilichomoka.

Dhana: kaboni ikizidi, nguvu nayo inazidi.
Uzi hubeba mzigo pale tu plastiki inapoushika, kama nondo ndani ya zege. Plastiki iliyoyeyuka ni nzito kutiririka mara mamia kuliko resini ya epoksi, ile gundi ya maji inayoganda, kwa hiyo nyuzi zikisongamana haipenyi, na hewa inabaki ndani. Halafu nyuzi hutoka kiwandani na mipako myembamba ambayo mara nyingi imetengenezwa kwa ajili ya epoksi. Kwa polipropilini, plastiki nyingine ya kawaida, mipako hiyo haisaidii kitu. Dawa ni kuitia ngozi ya uzi oksijeni, kwa asidi au plazma (gesi iliyotiwa umeme), ipate pa kushikia, au kuchanganya polipropilini iliyounganishwa na anhidridi ya maleiki, kemikali inayoisaidia kushika uzi. Uzi mwenyewe una unene wa maikromita 7 hivi, kama sehemu ya kumi ya unywele. Kazi yote iko kwenye ngozi hiyo.

Dhana: ikishatiwa kaboni, unyevu si kitu.
Kaboni hainywi maji. Nailoni inakunywa, na kwa hewa yetu ya Mombasa haihitaji kualikwa. Acha bobini ya uzi wa nailoni wa kuchapia wazi siku chache, kisha washa printa: utasikia inachachatika kama tone la maji kwenye mafuta ya viazi karai. Kila mchachatiko ni kitundu ndani ya kazi yako. Mimi huikausha kwa nyuzi joto 80 usiku kucha.

Dhana: ina nguvu pande zote.
Nyuzi fupi hulala kuelekea nozeli, ncha ya printa inayotoa plastiki, inakokwenda, wala hazivuki kutoka tabaka hadi tabaka. Breketi ya nahodha ilichapwa wima, ikaachia baina ya matabaka. Mpya niliichapa ikiwa imelala tu.

Dhana: kaboni haina kutu, basi ifungwe popote.
Kaboni iliyo wazi ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Weka washa (pete bapa) ya plastiki katikati.